Aota imeshonwa, sasa tuangalie figo

Barua za wiki hii zimetoka kwa jamaa wa wagonjwa waliorudi visiwani baada ya kupasuliwa aota, ule mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo.

Baba ana siku 9 tangu apasuliwe. D-daima yake ni 3,200 na karatasi inasema isizidi 500. Damu inaganda? (Chake Chake)

Kupanda huko peke yake hakuniambii kitu. D-daima ni mabaki ya madonge ya damu ambayo mwili umeshaanza kuyayeyusha, na mtu aliyefunguliwa kifua akashonewa mshipa wa bandia anayo mengi ya kuyeyusha. Inaweza kubaki juu kwa wiki kadhaa. Tazama dalili: mguu mmoja kuvimba, pumzi kubana ghafla, kifua kuuma. Ukiziona, usingoje boti ya asubuhi, mpeleke hospitali ya karibu saa hiyo hiyo.

Lakini umeniandikia D-daima mara tatu, na kreatinini, ile taka ya damu ambayo figo huichuja, hukuitaja hata mara moja. Baba anakojoa kiasi gani?

Aota na figo zinahusiana nini? (Jang'ombe)

Sana. Mishipa inayolisha figo inachipuka kwenye aota yenyewe, tumboni. Mpasuaji akiubana mshipa mkuu, au akisimamisha mzunguko wa damu ili ashone, figo hukaa na njaa. Mashine inayoshika kazi ya moyo huvunjavunja chembe nyekundu, na taka zake huzielemea figo. Tena aota ikichanika, mchaniko wenyewe unaweza kuuziba mshipa wa figo. Kuganda nako kumo: madonge madogo mno hukwama kwenye vishipa vyembamba vya figo. Watafiti wameona kwamba waliochanika aota wakaingia chumba cha upasuaji na D-daima ya juu sana huumia figo zaidi, lakini hilo ni onyo, halithibitishi kwamba D-daima ndiyo iliyoziumiza.

Kinachothibitisha ni kreatinini kupanda mara 1.5 ndani ya siku 7, au mkojo kupungua. Mtu wa kilo 70 akitoa chini ya mililita 210 kwa saa 6, yaani haujai hata chupa ya soda, figo zinalalamika. Nilimuona mama mmoja wodini ana jagi la plastiki lenye mistari na daftari la skuli la mwanawe, kila mkojo wa mumewe kauandika na saa yake. Daktari alilisoma daftari lile kabla ya faili.

Mgongo unamsumbua, nimemnunulia diklofenaki. Nimpe ngapi kwa siku? (Bububu)

Hata kimoja usimpe! Hii ni barua ya nne ya aina hii na nimechoka kuirudia. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na hizi zimetoka kupigwa juzi tu. Parasetamoli, kwa kipimo alichoandikiwa. Tena maumivu mapya ya mgongo kwa mtu aliyepasuliwa aota yanaweza kuwa ni aota yenyewe. Hayo hayatibiwi dukani. Mpelekeni leo.

Anaweza kupigwa hijama? (Wete)

Akiwa anakunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, hapana.

Ramadhani inakaribia na mama anataka kufunga. (Makunduchi)

Figo zinazopona hazistahimili kiu ya mchana kutwa. Mgonjwa ana ruhusa yake ndani ya Qur-ani, atalipa siku nyengine. Kaa naye umwambie kwa upole, maana wazee wetu huona aibu kula mchana. Na futari yake isiwe na ng'onda, ile chumvi inapandisha presha.

Presha imeshashuka. Aache vidonge? (Mkoani)

Imeshuka kwa sababu anavimeza. Wengi wa waliochanika aota walikuwa na presha, na wapo walioacha dawa kwa sababu hawakuhisi kitu. Mpimeni asubuhi na jioni, muandike, na siku ya kliniki mchukue daftari hilo pamoja na karatasi zote za kreatinini, za zamani na mpya.