Hotuba ya darasani: majibu ya maswali yenu

Nilipewa dakika 7, nikaandika kurasa nne, mhadhiri akanikatisha nikiwa katikati. Nilikosea wapi? (Nyegezi)

Hukuisema kwa sauti hata mara moja. Swali hili linarudi kila muhula na jibu ni lile lile: simama, washa saa ya simu, sema hotuba yote kwa sauti ya kufika benchi la nyuma. Kusoma kimoyomoyo si mazoezi, maana macho yana kasi kuliko ulimi.

Wengi wenu pia mnachukua kipimo cha maneno 130 hadi 150 kwa dakika kutoka vitabu vya Kiingereza. Neno la Kiswahili ni refu: "tutakapowaletea" ni neno moja tu, lakini limebeba mtenda, wakati na mtendewa. Hesabu maneno 100 kwa dakika, na uache nusu dakika ya kuvuta pumzi. Dakika 7 ni maneno 650. Ukizidisha, ondoa hoja nzima. Kuongeza mwendo kunawapoteza wasikilizaji.

Mada yangu ni "Ziwa Victoria". Inafaa?

Haifai. Hiyo ni kabati zima la vitabu. Chukua swali moja linalojibika, mfano: kwa nini wavuvi wa dagaa hupumzika mwezi unapokuwa mpevu? Hoja zinajipanga zenyewe. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa sababu hufuata mwanga. Mbalamwezi ikitanda ziwa zima, taa inapoteza mvuto. Mitumbwi ikilala mwaloni, yaani pale inapotia nanga, vichanja vya kukaushia vinabaki vitupu, na anayenunua Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, analiona hilo kwenye bei. Hoja ya kwanza inazaa ya pili, ya pili inazaa ya tatu, kwa hiyo hata ukipotea unajua pa kurudi.

Dakika 1 ya kufungua, 5 za hoja, 1 ya kufunga. Fungua kwa swali lenyewe. Acheni "kwa majina naitwa, mada yangu inahusu", darasa linakujua.

Namba nazo zipewe mfano. Kilomita za mraba 68,800 hazikai sikioni. Sema Rwanda na Burundi zote mbili zingeingia ndani ya ziwa hili na nafasi ikabaki.

Nikariri yote?

Hapana. Kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho. Katikati kadi tatu, kila moja maneno matano. Aliyekariri yote akisahau neno moja, amekwama.

Naruhusiwa kumalizia kwa kuwaomba wenzangu wapige vita kokoro, ule wavu wa kukokota?

Kama umeagizwa hotuba ya kuarifu, usiombe. Eleza jinsi kokoro linavyokokotwa karibu na ufuko, linavyobeba makinda na kuharibu mazalia, na kwamba sheria imelikataza. Ishia hapo. Ukiwataka wachukue hatua umeingia kwenye hotuba ya kushawishi, na alama zitapungua hata kama umesema kweli.

Tena tajeni chanzo kwa mdomo, palepale mnapoitoa taarifa. "Nimesoma mtandaoni" si chanzo. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, ina kituo hapahapa Mwanza, nendeni mkaulize.

Slaidi ngapi?

Nne, zenye picha, si aya. Ukigeukia ukuta na kuanza kusoma, darasa litasoma pamoja nawe na kumaliza kabla yako. Chapisha picha iliyo muhimu kuliko zote kwenye karatasi ya A3, kwa sababu umeme hukatika. Na mvua ikianza kupiga bati usishindane nayo: nyamaza, waombe wa nyuma wasogee mbele, uendelee.

Mikono inatetemeka, kila mtu anaona.

Wanachoona ni karatasi. A4 mkononi hupepea kwa mtetemo mdogo tu. Kadi ngumu ya ukubwa wa kiganja haipepei. Toa pumzi taratibu kabla ya neno la kwanza, na sentensi ya kufungulia uwe umeitamka mara kumi nyumbani, ukiwa umesimama.