Kabla ya kulipia sarafu ya rangi, uliza nani kaipaka

Sarafu yangu ya kwanza ya rangi ilikuwa peni 50 ya Uingereza, mojawapo ya michoro 29 ya Olimpiki ya London 2012. Ilimeremeta, muuzaji akataka mara kadhaa ya bei ya ile ya kawaida, nami nikatoa bila kuuliza. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba zile zilizoingia kwenye mzunguko hazikuwa na rangi hata tone. Mtu alizichukua na kuzipaka kwake. Kwa mkusanyaji makini, sarafu ya namna hiyo haijaongezwa thamani, imeharibiwa.

Kwa hiyo wewe mgeni, jifunze kwanza ni nani aliyetoa rangi. Chukua rubo 25 za Sochi 2014. Benki Kuu ya Urusi yenyewe ilitoa za kawaida na za rangi, zote zenye gramu 10 na kipenyo cha milimita 27, kwa hiyo mizani haitakusaidia. Za rangi ziliuzwa ndani ya kifungashio chake. Ukiletewa ya rangi ikiwa peke yake, bila kifungashio, isogeze chini ya kioo cha kukuzia: rangi iliyovuka ukingo wa mchoro, au iliyofunika mikwaruzo ya zamani, inatosha kukufanya uondoke. (Mikwaruzo chini ya rangi! Maana yake sarafu ilitembea mifukoni kabla ya kupakwa.)

Dola 2 za Australia za mwaka 2016, zile tano zenye duara la rangi za pete za Olimpiki, ni habari nyingine. Hizo ziliingia kwenye mzunguko zikiwa na rangi yake halali, na rangi ndiyo huchubuka mapema. Nunua ile ambayo duara lake halijakatika, au subiri.

Kusafisha? Usisafishe. Wenye sarafu za kawaida watakusifia asetoni, kimiminika cha kuyeyusha uchafu, kwa sababu huondoa ute wa kijani unaoachwa na mifuko ya PVC (aina ya plastiki laini) bila kula chuma. Mimi niliwasikiliza, nikaichovya moja ya rangi, na pamba ikatoka na picha yote. Sasa naziweka kwenye vikasha vya plastiki isiyo na PVC, ndani ya droo yenye giza, maana jua nalo hufifisha rangi polepole, na utaligundua hilo siku utakapoilinganisha na ya mwenzako.