Mdogo wangu, ulizia kwanza maana ya "załatwione"

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Eti wakala kakwambia Poland kila kitu kishakuwa "załatwione", kazi, chumba, vibali, bado milioni saba tu na tiketi. Na mama kakubali kiwanja kiuzwe! Subirini kwanza.

Hilo neno nalijua, na huyo wakala kaokota nusu yake. Asili yake ni "załatwić", tamka zawatfichi. Nilipofika Warsaw, kamusi ya simu ilinipa Kiingereza chake: arrange, settle, obtain, serve. Nikasema basi, ni kushughulikia. Sikushuka mpaka chini, ambako kuna finish off. Msimamizi wa ghala aliponiambia "ja cię załatwię", nikamshukuru kwa mikono miwili, nikidhani ananitafutia zamu za mchana. Wenzangu wa Ukraine walicheka mpaka wakakalia maboksi. Kumbe kaniambia atanikomesha. Akanikomesha kweli, wiki tatu za usiku, chumba cha baridi.

Hilo nililimeza. Lililonikaa ni la ofisi ya vibali. Nilipanga foleni tangu saa kumi na moja alfajiri, theluji inaanguka, vidole vimekufa ganzi, nikaombe karta pobytu, yaani kadi ya ukaazi. Kufika dirishani nikatoa sentensi niliyoikariri kwenye basi: "Chcę się załatwić." Nilitaka kusema naomba kuhudumiwa. Kale ka-"się" kakageuza yote. Nimetangaza mbele ya ukumbi mzima kwamba nataka kujisaidia. Yule mama wala hakucheka. Alininyooshea kidole mlango wa choo, na mimi, kwa aibu, nikaenda. Nikalia humo. Kurudi, namba yangu imeshapita.

Bibi mmoja wa kazini alinieleza kwamba zamani, enzi za ukomunisti, nyama ilipokuwa kwa kadi tangu 1981, mtu hakusema amenunua, alisema "ame-załatwia". Nikamkumbuka mama na foleni za sukari za RTC, yale maduka ya serikali. Kwa hiyo Mpolandi unayemjua akikwambia "da się załatwić", inawezekana, mshike huyo. Akikwambia mtu wa WhatsApp, kimbia.

Baba alipofariki, ombi langu la kadi lilikuwa bado mezani kwa wale wa ofisi ya vibali. Nilikuwa na muhuri tu kwenye pasipoti. Muhuri ule unakuruhusu kukaa. Ukitoka haukurudishi, uombe viza upya. Nyumbani mkasema dada anaringa, katuma hela ya jeneza kama mgeni. Siku ya mazishi nilikuwa nafungasha viatu vya watoto, jozi baada ya jozi, simu nimeizima.

Usije. Au njoo, lakini kwa mwajiri uliyemtafuta mwenyewe, na mkataba usomewe neno kwa neno. Wakikuandikia "umowa zlecenie", yaani mkataba wa kutoa huduma, si wa ajira, jua sheria haikupi likizo ya malipo. Kiwanja msiuze. Godoro la pili ninalo, na koti la baridi usinunue huko, litakuwa khanga tu hapa. Kama umeshamlipa huyo mtu, niambie ukweli, sitakugombeza. Nitakugombeza, lakini niambie.

Na mwambie akuandikie hiyo sentensi yake nzima, unipigie picha. Nataka kuona kama kaweka "się".