Kabla hujakropu picha, jiulize mwenye picha ni nani

Kwenye simu yangu kuna picha ya sendoff ya dada, ukumbi mmoja hivi wa Sinza, na kila nikiifungua jicho haliendi kwa dada, linaenda pembeni chini kushoto kwenye kiwiko cha mtu na upindo wa khanga ya njano. Kile kiwiko ni cha bibi. Usiku ule nilikuwa nataka picha ya dada peke yake niweke stetasi, nikakata watu wote fasta fasta, nikabonyeza sevu, simu ikasevu juu ya ileile ya mwanzo na mi hata sikuangalia. Bibi alifariki mwaka uliofuata, tukawa tunatafuta picha zake za karibuni, ndo nikakumbuka kwamba pale alikuwa amekaa na dada anacheka mpaka macho yamefumba, na mimi ndo niliyemkata.

Kwa hiyo siku hizi kabla sijagusa picha yoyote natengeneza kopi kwanza. Simu nyingine zina huruma, iPhone kwa mfano ukirudi kwenye kuediti unaweza kurudisha picha ya mwanzo, na Google Photos inakuruhusu kusevu kopi pembeni, lakini app zipo kibao zinazoandika juu ya faili la zamani na zikishaandika ndo imeisha hiyo. Dada aliwahi kuniomba nikimalizie kile kiwiko ili aprinti picha ikiwa safi. Nilikataa kabisa. Tumeiprinti nacho, iko sebuleni Tabata mpaka leo.

Sasa tuje kwenye kukata kwenyewe. Watu wengi wakifungua sehemu ya kukropu wanaanza kuvuta kona tu mpaka waone imekaa vizuri, mi naomba uanze na swali moja, mwenye picha ni nani? Kila picha ina mwenyewe, anaweza kuwa mtu, mkono, sahani ya chipsi mayai, rangi ya ukuta, chochote, ila ni mmoja. Ukishamjua, kila kinachomwibia macho ya watu kinatoka, na kinachomsaidia kinabaki. Basi.

Nikupe mfano. Huwa napiga sana picha nikisubiri pantoni pale Kivukoni, na siku moja nikampata kijana anauza korosho, sinia liko begani, anaangalia upande wa maji pantoni ikija, jua la jioni limempiga shavuni, yaani uso wake ulikuwa kama umepakwa mafuta. Nilivyofika nyumbani nikaona picha nzima ina fujo, juu anga jeupe limekula karibu nusu, nyuma migongo ya abiria, na chini kulia kuna ndoo nyekundu ya plastiki, na nyekundu ukiiacha kwenye picha itaita watu hata kama iko kona ya mwisho. Nikakata anga, nikatoa ndoo, nikambana yule kijana mpaka fremu ikawa sinia na uso tu. Nikaona bado kuna kitu kinanisumbua na sikijui ni nini. Kumbe nilikuwa nimekata pale mbele ya macho yake, anaangalia kulia na ukingo wa picha uko hapohapo puani, kama mtu amegeuziwa ukutani. Nikarudi kwenye ile ya mwanzo, nikamwachia nafasi upande anaoangalia, nikabana zaidi nyuma ya kisogo, na pantoni ikabaki kwa mbali kidogo kama doa jeupe. Hapo picha ikapumua. Mtu akiangalia upande fulani, au bodaboda ikielekea upande fulani, mwachie njia mbele yake.

Ile mistari miwili ya kusimama na miwili ya kulala inayotokea ukianza kukropu usiione kama pambo, inagawa picha mara tatu kila upande, na macho ya mtu ukiyaweka karibu na mstari wa juu uso unakaa vizuri kuliko ukiyaweka katikati halafu juu ya kichwa kuna uwazi wa bure. Sio sheria ya msikitini lakini, kitu kilicholingana pande zote mbili kiweke katikati na usimsikilize mtu. Picha za bahari pale Coco Beach, nyoosha kwanza mstari wa maji na anga halafu ndo ukate, kwa sababu kunyoosha nako kunakula pembeni, ukishabana kwanza hutabaki na cha kula.

Na usikate mtu kwenye maungio. Goti, kifundo cha mguu, kiwiko, vidole, ukikata hapo anaonekana kama amekatwa kweli. Kata katikati ya paja, au kiunoni, au kifuani. Ila kama unauza nguo hayo weka pembeni, maana mwenye picha ni gauni, mteja anataka aone pindo limeishia wapi, mwachie mpaka viatu.

Hapa kwenye kubana ndo watu wanaumia bila kujua kwa hiyo nitakaa kidogo. Picha ya megapikseli 12, ambayo simu nyingi zinatoa, ina pikseli, yaani vile vidoti vidogo vinavyojenga picha, 4000 kwa 3000. Ukiikata ukabakiza nusu ya upana na nusu ya urefu unabaki na 2000 kwa 1500, na hiyo ni megapikseli 3, yaani robo, sio nusu kama unavyodhani. Kwenye simu utaiona fresh tu. Shida ni kuprinti, printi nzuri inataka kama pikseli 300 kwa kila inchi, kwa hiyo picha ya inchi 4 kwa 6 inataka 1200 kwa 1800, hiyo robo yako inatosha, lakini A4 inataka kama 2480 kwa 3508 na hapo utaletewa ukungu. Na umbo nalo ni habari nyingine, picha ya simu kwa kawaida ni 4 kwa 3 halafu karatasi ya 4 kwa 6 ni nyembamba zaidi, kwa hiyo mtu wa studio lazima akate tena, kwenye picha ya kulala inaondoka kama sehemu moja ya tisa ya urefu. Mi nilipelekaga picha ya familia niliyoibana mpaka kwenye kofia ya baba, ikarudi kofia haina juu. Siku hizi nakropu mwenyewe kwa umbo la karatasi kabla sijapeleka. Hivyohivyo kwa stetasi, ni ndefu, 9 kwa 16, na picha ya profaili WhatsApp inaikata duara, kona zote nne zinaondoka.

Na ukropu ile orijino. Picha uliyotumiwa WhatsApp kama picha ya kawaida imeshapunguzwa ubora, ukiikata tena unakata mkate uliokwisha kukatwa, mwambie mtu akutumie kama dokumenti. Kuzumu kwa vidole wakati wa kupiga nako kwa sehemu kubwa ni kukropu tu mapema, bora usogee, au upige kwa uwazi ukate baadaye ukiwa umetulia.

Skrinishoti sasa. Huku mwenye picha ni mstari wa maneno, na hapa kukata vibaya kunaumiza watu. Kwenye kamati moja ya harusi niliyokuwemo, mama mmoja mtunza hela aliulizwa kuhusu mchango wa mtu, akajibu "Sijapokea", na meseji ya chini yake akaandika "wa jana, wa leo umefika". Mtu akakropu ile ya juu peke yake akaitupia grupu. Yule mama alishindwa kulala. Ukikata mazungumzo bakiza swali na jibu lote, hata kama fremu itakuwa mbaya.

Kwa upande wa pili, kata bila huruma vya siri, vya watu na vyako. Niliwahi kutuma skrinishoti ya muamala kuonyesha nimechanga, nikaacha namba yangu na salio, kesho yake asubuhi nikapigiwa na mtu anajifanya huduma kwa wateja na anazitaja zile tarakimu moja moja. Jina, namba, salio, na zile notifikesheni za juu, toa. Ila kama ni ushahidi wa malipo usikate tarehe na namba ya muamala.

Usiamini tu pia kwamba kilichokatwa kimeondoka. Machi 2023 iligundulika kwamba simu za Google Pixel, ukikropu skrinishoti kwa kifaa chake chenyewe, faili jipya lilikuwa linaandikwa juu ya la zamani bila kufuta mkia wake, na wataalamu wakaweza kurudisha sehemu iliyokatwa, halafu programu ya Windows 11 ya kukatia skrini nayo ikakutwa na tatizo hilohilo. Zote zilirekebishwa, ila picha zilizokuwa zimeshatumwa ndo zilibaki hivyo. Word nayo, picha ukiikropu mle ndani inafichwa tu mpaka uamuru maeneo yaliyokatwa yafutwe, nimeona watu wanatuma CV na kitambulisho kizima kimejificha nyuma. Mi nikishakropu kitu cha siri naifungua ile iliyokatwa, naipiga skrinishoti, natuma hiyo skrinishoti mpya. Na usizibe namba kwa ile kalamu ya rangi inayopitisha mwanga, mtu akiongeza mwangaza anasoma, ziba kwa boksi jeusi tii.