Maswali ya Wasomaji: Kuunga Viraka Bila Rula

SWALI: Najifunza kuunga viraka vya kwilti za sanaa (matandiko ya vipande vya vitambaa vilivyoungwa) bila rula wala mchoro. Kila nikikata mstari wa kupinda, mshono unavimba na pasi haiulazi. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, bila shaka unapinda mno. Mshono wa milimita 6 hupita ndani ya ukingo: kwenye kipande chenye tumbo njia ya sindano inakuwa fupi kuliko ukingo, kwenye kile chenye bonde inakuwa ndefu. Mkato ukigeuka digrii 90, tofauti ni karibu milimita 19, na kitambaa hicho cha ziada hakina pa kwenda, kinajikusanya. Ukigeuka digrii 20 ni milimita 4 tu, na hizo vidole vinazimaliza.

Kwa hiyo laza vipande viwili, vyote uso juu, vipandane sentimita 5. Pitisha kisu cha gurudumu katikati ya mpandano kwa mwendo mmoja mtulivu, kisha ondoa vijisehemu viwili vilivyobaki, cha juu na cha chini. Geuza viangaliane uso kwa uso na ushone kwa hatua ya milimita 2, ukilinganisha kingo sentimita chache mbele ya sindano. Usivute! Mkato wa kupinda unapita hanamu, yaani mshazari wa nyuzi za kitambaa, na hanamu hunyumbuka hata kwa uzito wa mkono. Ncha zisipolingana mwishoni, ziache, utazinyoosha baadaye. Pasi iwekwe na kuinuliwa. Ukiiburuta, ukingo unageuka mawimbi. Kitambaa chepesi kipulizie wanga kabla ya kukata.

SWALI: Nikipasua kiraka chenye mistari na kutia ukanda mwembamba, mistari inaachana. Kwa nini?

JIBU: Angalia upana wa ukanda. Mishono miwili inakula milimita 12 za kiraka na milimita 12 za ukanda. Ukanda wa milimita 24 ukishonwa hubaki 12, sawasawa na kilicholiwa, hivyo mstari wa mshazari unaendelea kana kwamba ukanda umewekwa juu yake. Wa sentimita 5 huacha milimita 38, na hapo mstari unaruka. Ukiutaka mpana, shona upande mmoja, piga pasi, laza rula juu ya mstari hadi ng'ambo ya ukanda, utie alama milimita 6 ndani ya ukingo. Pini ipite hapo, kwenye njia ya sindano. Wengi huweka alama ukingoni kabisa, na mstari unakwepa tena.

SWALI: Viraka vyangu vina ukubwa tofauti. Nivipunguze vyote vilingane na kidogo?

JIBU: Hapana, utakata sehemu nzuri kuliko zote. Ongezea kile kidogo ukanda, upana wake uwe pengo unalotaka kujaza pamoja na milimita 12, maana mshono huo mmoja unakula 6 za kiraka na 6 za ukanda. Kama pengo ni sentimita 3, kata wa milimita 42, ushone, ndipo unyooshe kwa rula.