Niliomba ushuru upandishwe kwa jina la maji, na nikayachafua mwenyewe

Mkuu, umeuliza kama hoja kwamba shamba halitoi mazao tu, bali linalinda maji, udongo, mandhari na uhai wa vijiji, ni ya kweli au ni kisingizio cha nchi kuzuia mazao ya wenzao. Nakujibu kama mtu aliyewahi kuitumia. Nilikuwa karani wa chama chetu cha wakulima, na mimi ndiye niliyeandika barua ya kuiomba serikali ipandishe ushuru wa nafaka kutoka nje. Nusu ya barua ile ilihusu maji.

Na sikudanganya. Shamba langu liko mteremkoni, nimelichimba fanya juu: unachimba mtaro kufuata kontua, yaani kwa usawa kukatisha mteremko, udongo unautupa upande wa juu, tuta unalipanda majani, na baada ya misimu kadhaa ardhi inajipanga ngazi ngazi. Mvua ikipiga, maji yanasimama mtaroni na kuzama taratibu. Walioko bondeni wanapata kijito kisichokauka upesi, maji masafi, na hakuna aliyewahi kunilipa. Wengi hata hawajui kama yanatoka kwangu. Zao naweza kulipima kwenye mizani na kumnyima asiyelipa. Maji hayo siwezi.

Ushuru ukapanda, bei ikapanda. Sasa sikia tulichofanya. Lile tuta la majani, upana wa hatua mbili, tukaanza kuliona kama ardhi iliyolala. Nikang'oa majani nikaongeza mistari miwili ya nafaka. Jirani akafanya hivyohivyo. Msimu wa pili mvua moja ya usiku ikakata matuta matatu; asubuhi ufa ulikuwa unameza mguu hadi gotini. Mama mmoja wa bondeni akapanda na ndoo yake, akaitua mbele yangu. Chini yake kulikuwa kumekaa tope jekundu unene wa kidole. Akaniuliza, "Baba, haya ndiyo mmeanza kututeremshia?" Sikuwa na jibu. Nakala ya barua yangu ilikuwa bado kabatini.

Usikimbilie kusema basi hoja yote ni uongo. Baadaye ushuru ulishushwa, bei ikaanguka, na majirani wawili wakayaacha mashamba yao. Mtaro usiozolewa hujaa udongo, maji yakatafuta njia moja, na kwa mmoja wao sasa kuna korongo. Kwa hiyo mkulima akikosa faida kabisa, bonde linaumia. Akipata bei nono bila masharti, linaumia vilevile. Bei ya nafaka na usafi wa maji vinahusiana, lakini si mapacha.

Huko kwenye biashara ya kimataifa ugomvi ndio huohuo. Mkataba wa Kilimo wa Shirika la Biashara Duniani, uliozaliwa na mazungumzo ya biashara yaitwayo Duru ya Uruguay na kuanza kutumika 1 Januari 1995, unayataja katika utangulizi wake masuala yasiyo ya kibiashara, yakiwemo usalama wa chakula na ulinzi wa mazingira, na kifungu cha 20 kinataka yazingatiwe katika mazungumzo yanayofuata. Japani, Korea Kusini, Norway, Uswisi na Umoja wa Ulaya wakaishika kamba hiyo. Japani, kwa mfano, ilieleza jinsi majaruba ya mpunga yanavyozuia mafuriko. Kundi la Cairns, lililoundwa 1986 na lenye wauzaji wakubwa wa mazao kama Australia, Brazili na Argentina, likajibu: ukitaka mandhari, lipia mandhari, usitufungie mlango.

Inaniuma kukiri, ila baada ya lile tope naona Cairns walikuwa na hoja. Tena njia ya kulipia ipo. Kiambatisho cha 2 cha mkataba, kile kinachoitwa sanduku la kijani, yaani orodha ya misaada kwa wakulima isiyowekewa kikomo, aya ya 12, kinaruhusu serikali kumlipa mkulima chini ya mpango wa mazingira, mradi malipo yasizidi gharama ya ziada au kipato anachopoteza kwa kufuata masharti. Kwangu ingekuwa ile mistari miwili tu. Ningelipwa niiache majani, na nikiyang'oa malipo yakatwe. Uswisi imeliweka jambo hili hadi kwenye katiba, kwa kura ya wananchi ya mwaka 1996, na leo ni kifungu cha 104: malipo ya moja kwa moja yanaenda kwa anayethibitisha kwamba ametimiza masharti ya mazingira. (Usiwafanye malaika lakini. Ushuru wao wa mazao bado ni mkubwa.)

Tatizo ni nani ana pesa. Ushuru unaingiza fedha hazina, malipo ya sanduku la kijani yanazitoa. Nchi maskini imeruhusiwa kulipa kama tajiri, kwenye karatasi. Ndiyo maana nyingi zimeng'ang'ania haki ya kupandisha ushuru wa dharura mazao ya nje yanapofurika, na fundo hilo lilikuwa miongoni mwa mambo makuu yaliyovunja mazungumzo ya Shirika hilo la Biashara huko Geneva Julai 2008. Ruzuku za kusukuma mazao nje, zilizokuwa zikiangusha bei za wenzetu kwa miaka mingi, uamuzi wa kuziondoa ulikuja kupitishwa Nairobi, Desemba 2015. Kwa muda wote huo mkulima mdogo aliyeambiwa "usijikinge" alikuwa na silaha gani nyingine?

Ukiniuliza kama ningeandika tena, ningeandika barua mbili. Moja ya ushuru, niseme wazi kwamba ni ya kipato chetu na ni ya muda. Nyingine ya maji, niombe malipo ya matuta, na mkaguzi aje kuyahesabu.

Majani nimeyarudisha kwenye matuta manne. Yale matatu yaliyokatika bado, na yule mama bado anachuja maji yake kwa kitambaa.