Maswali ya Wasomaji: Kurekodi Sauti Katika Chumba Chenye Kuta Tupu

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Ninarekodi nyimbo za injili katika chumba changu cha kupanga hapa Manyatta, Kisumu. Chumba ni cha futi 10 kwa 10, kuta zimepigwa plasta, sakafu ni ya saruji, na juu ni mabati yasiyo na dari. Nina maikrofoni ya kondensa, na nimebandika trei za mayai kwenye ukuta ulio mbele yangu, nyuma ya maikrofoni. Hata hivyo sauti yangu husikika kana kwamba nimeimba ndani ya tangi la maji, na hali huzidi kuwa mbaya nikishaichanganya na ala. Je, ninunue maikrofoni nyingine?
*Msomaji, Manyatta*

JIBU: Salamu zako zimefika, ndugu yangu. Usinunue maikrofoni kwa sasa. Hiyo uliyo nayo inafanya kazi yake vizuri, nayo inakuletea kila kinachoifikia, kikiwemo chumba chenyewe.

Plasta, saruji na mabati hufyonza sauti kidogo mno, kwa hiyo karibu yote inayozigonga hurudi. Sauti husafiri takriban mita 345 kwa sekunde katika joto la Kisumu. Ikiwa ukuta uko mita moja na nusu kutoka ulipo, sauti inayokwenda na kurudi huwa imechelewa kwa milisekunde 9 hivi. Muda huo ni mfupi mno kwa sikio kuutambua mwangwi kama sauti ya pili. Badala yake, ile iliyochelewa hujichanganya na ile ya moja kwa moja, baadhi ya masafa (yaani ngazi za sauti, kutoka nzito hadi nyembamba) yakaongezeka na mengine yakafutana, na huko ndiko unakotoka huo mlio wa tangi.

Sasa tuangalie trei zako. Maikrofoni nyingi za kondensa za kuimbia husikiliza upande mmoja: hupokea vizuri kinachotoka mbele yake, na kinachotoka nyuma yake hukipokea kwa uchache sana. Maana yake ni kwamba maikrofoni inakuelekea wewe, na vilevile inauelekea ukuta ulio nyuma ya mgongo wako. Sauti yako hutoka kinywani, hupita maikrofoni, hugonga ukuta wa mbele, hurudi na kukupita, hugonga ukuta wa nyuma, kisha safari hii huingia kwenye maikrofoni kupitia mlango ulio wazi kabisa. Ukuta unaohitaji kufunikwa kwanza, basi, ni ule ulio nyuma yako. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi huanzia upande usiofaa na kumaliza fedha zao huko. Trei zenyewe ni karatasi nyepesi, ambayo hupunguza kidogo sauti za juu na kuacha zile za kati, ambazo ndizo zinazokusumbua, zikiruka huku na huko.

Kinachofyonza sauti ni kitu kinene, laini na chenye matundu ambamo hewa inaweza kupita. Njia ya kukipima ni rahisi: weka kinywa juu yake upulize, na pumzi ikipenya kwa ugumu kiasi, hicho kinafaa, ikizuiwa kabisa, kama inavyozuiwa na godoro lililobaki na nailoni yake ya dukani, sauti nayo itarudishwa. Leso na mapazia mepesi hayatoshi. Nenda soko la Kibuye, hasa Jumapili, utafute mablanketi mazito ya mitumba au duveti, kisha utundike mawili au matatu pamoja kwenye kamba nyuma ya mgongo wako, yakiwa na mikunjo na yakiachana na ukuta kwa sentimita 10 hadi 20. Usiyabandike ukutani. Hewa inayogusa ukuta haina mwendo, ilhali blanketi hufanya kazi kwa kuipunguzia hewa mwendo wake, kwa hiyo pengo hilo huliwezesha kufikia sauti za chini zaidi bila gharama yoyote. Godoro la kitanda chako ni bora kuliko blanketi lolote. Lisimamishe nyuma yako wakati wa kurekodi, na ulirudishe mahali pake ukimaliza.

Mabati nayo yasisahaulike, kwa kuwa yako karibu na kichwa chako kuliko unavyofikiri. Tandika duveti juu ya kamba mbili zilizovutwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu tu ya unaposimama, na uweke zulia miguuni. Kutakuwa na joto, hilo halina budi, kwa hiyo rekodi asubuhi na mapema, vipande vifupi vifupi, ukiwa umezima feni. Ujue pia kwamba hayo yote hayatazuia kelele za bodaboda wala mvua; kuzuia sauti isiingie ni kazi ya kuta nzito na milango isiyo na nyufa.

Umbali kati ya kinywa na maikrofoni una nguvu kuliko watu wanavyodhani. Ukitoka sentimita 40 ukaja 20, sauti yako ya moja kwa moja hupanda kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ilhali mwangwi wa chumba haubadiliki. Ukishapunguza kiwango cha kurekodi ili kufidia, chumba ndicho kinachoshuka. Simama kati ya sentimita 15 na 20, uweke kichujio cha pumzi, hata kama ni soksi ndefu ya nailoni iliyovutwa kwenye duara la waya. Besi ikizidi kwa sababu ya ukaribu huo, ikate chini ya hezi 80 au 100 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde).

Chumba chako ni mraba, na mraba una tabia mbaya: milio inayojijenga kati ya kuta, ya urefu na ya upana, huangukia masafa yaleyale, kwako karibu hezi 57 na 114, na hiyo ya pili imo ndani ya sauti ya mwanamume. Usisimame katikati wala pembeni kabisa, bali takriban theluthi moja kutoka ukuta mmoja, ukiwa umegeuka mshazari kidogo. Piga kofi kabla ya kuanza. Ukisikia mtetemo mkali unaofuatia, ujue bado kuna kuta mbili tupu zinazotazamana.

Kuhusu hali kuzidi kuwa mbaya unapochanganya sauti na ala, sababu ni kompresa, kile kifaa au programu ya kusawazisha ukubwa wa sauti. Huibana sauti kubwa na kuinua ile ndogo, na baada ya kila neno sauti ndogo iliyobaki ni ya chumba.

SWALI: Je, programu za kompyuta haziwezi kuondoa mwangwi baada ya kurekodi?
*Msomaji, Kakamega*

JIBU: Zinaweza kuupunguza, na kwa mazungumzo matokeo mara nyingi huridhisha. Kwa kuimba ni vigumu zaidi, kwa sababu noti ndefu inayofifia hufanana na mwangwi, na programu huikata pamoja nao. Itumie kwa kiasi kidogo, tena kwa rekodi ambayo haiwezi kurudiwa. Mwimbaji akiwa bado yupo, tundika mablanketi umwombe aimbe tena.